Kidole Gumba Hakiulizwi

Nimefundisha watu wa kila aina kuzamia kwenye mapango ya chini ya maji. Waoga, wabishi, wajuaji, hata bwana mmoja aliyekataa kuvua cheni yake ya dhahabu. Wote niliwavumilia. Lakini huyu baba, jamani, huyu alinitoa roho.

Alikuja na binti yake. Binti alikuwa amepata kazi kwenye kikundi kinachopima maji ya chini ya ardhi, na kazi hiyo inataka cheti cha kuzamia mapangoni. Baba hakuitwa na mtu. Alijileta. "Huyu ndiye mtoto niliye naye," akaniambia hata salamu hazijaisha. "Akiingia shimoni, naingia naye." Nikasema haya, mradi asitarajie upendeleo.

Kumbe kazi yake ni kuchunguza madai ya bima. Maisha yake yote analipwa kuuliza watu kwa nini. Kwa nini gari limeungua, kwa nini paa lako limeanguka na la jirani limesimama. Na tabia hiyo haiachi ofisini. Siku ya kwanza nilifunga kamba uani, kuanzia nguzo ya kuanikia suti za kuzamia hadi kwenye kompresa ya kujazia mitungi, nikaipitisha kwenye viti vya plastiki, halafu nikawafunga vitambaa machoni waifuate kwa vidole. Ndivyo tunavyoanza. Tope likitibuka pangoni huoni hata mkono wako, na kamba ndiyo njia pekee ya kurudi mlangoni. Binti akaenda taratibu, akafika. Baba mtu akasimama katikati ya viti kwa kitambaa chake machoni.

"Mwalimu, kwa nini kamba imepita chini ya kiti badala ya juu?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyeifunga, mzee. Twende!"

Nikambandika jina la Mzee Kwa Nini, kimoyomoyo. Kesho yake likanichomoka mdomoni, binti akacheka mpaka akakaa chini.

Maswali ya maana nilimjibu. Nilimweleza kwamba hewa ya mtungi tunaigawa mafungu matatu: moja la kuingilia, moja la kutokea, na la tatu haliguswi, hilo ni la siku mambo yakiharibika. Fungu la kwanza likimwishia mmoja wetu, wote tunageuka. Kisha nikawaonyesha kidole gumba.

"Mtu yeyote akikiinua hivi, safari imekwisha. Wote tunatoka. Na huku nje haulizwi sababu. Siulizi mimi, haulizi mwenzake, si leo wala kesho."

"Hata kama hana sababu?"

"Hata kama hana."

"Sasa kwa nini—"

"Mzee!"

Tulipoingia majini mara ya kwanza hatukuvuka pale mwanga wa mchana unapofika. Binti akainua kidole, tukatoka. Hata miwani hajaivua, baba yake keshamdaka: "Kwa nini umetutoa? Umeona nini?"

"Miwani ilikuwa inaingiza maji, Baba."

"Maji kiasi gani? Si umefundishwa kuyapuliza?"

Nikapiga kelele, akaomba radhi. Lakini wakati napakia mitungi nilimsikia ndani ya gari: "Sikugombezi, mwanangu, nauliza tu. Uliogopa? Kama uliogopa, sema." Mara ya pili binti alipoinua kidole, hadithi ikawa ile ile. Binti akageukia dirishani, akawa anavuta na kuachia mkanda wa miwani yake.

Nikamwita baba pembeni, nikamfokea mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Hivi haoni kwamba anamfundisha mtoto kunyamaza? Akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ukanizidishia hasira.

"Mwalimu, nisipouliza nitajuaje kama yuko salama?"

Nikaenda kujaza mitungi.

Siku ya kuvuka mwanga ikafika. Baba mbele akifunga kamba, binti katikati, mimi nyuma. Nikamwashia binti tochi kumuuliza hali. Akanichorea duara kwa tochi yake: sawa. Tukasonga. Nikamuuliza tena, duara tena. Ndipo nikaona mapovu madogo yanatoka kwenye shingo ya mtungi wake. Nikamvuta mkono, nikaigeuza geji yake ya hewa. Sindano ilikuwa chini ya nusu.

Chini ya nusu! Fungu la kuingilia lilikuwa limekwisha zamani, na alikuwa ameshaanza kula lile la kutokea. Na geji iko kifuani kwake, anaiona.

Nikainua kidole. Baba akageuka kwa pupa, mapezi ya miguuni mwake yakapiga chini, tope likapanda na tochi zote zikawa kama hazipo. Nikamwekea binti mdomoni kipumulio changu chenye mpira mrefu, mwenyewe nikachukua kile cha akiba, nikamtanguliza kwenye kamba. Mkono wa baba ukanishika mguu na haukuniachia. Tukatoka hivyo, kwa vidole, mpaka maji yakaanza kuwa ya kijani na baadaye meupe.

Nje, hasira zikanipanda. Nikavunja sheria yangu mwenyewe.

"Kwa nini hukuinua kidole?"

Binti aliangalia chini. "Ningekiinua, Baba angeuliza."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Baba yake alikuwa amekaa kwenye jiwe, mapezi bado yako miguuni, mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na swali. Nikawaambia cheti sitoi, si kwa baba wala kwa mwanawe, na kila mtu aende nyumbani kwake.

Asubuhi nikamkuta baba amesimama uani kwangu, peke yake, macho yamevimba.

"Mwalimu, nijitoe?"

"Ukijitoa atakwenda kuzamia na wengine, na kimya ni kile kile ulichomfundisha wewe. Mrudi wote wawili. Na wewe, mzee, uwe na adabu."

Wakarudi. Nilibadilisha kile kipete cha mpira kilichokuwa kinavuja shingoni mwa mtungi wa binti, nikakagua kila kitu hadi nikachoka. Tukashuka. Baba akafunga kamba mlangoni pa pango, na kabla hata fundo halijakaza, binti akainua kidole gumba.

Nikaangalia geji yake: imejaa. Tochi zinawaka. Miwani mikavu. Nikameza matusi yangu, tukatoka.

Baba akavua miwani. Akamtazama mwanawe, akafungua mdomo. Nikamkodolea macho. Akaufunga. Akaufungua tena, shingo imemvimba kama mtu aliyekabwa na mfupa, halafu akageuka akaenda kwenye gari kutafuta chupa ya chai.

Binti akanisaidia kubeba mtungi. "Mwalimu," akanong'ona, "hakukuwa na kitu. Nilitaka kuona tu."

"Kuona! Nimeamka alfajiri, nimejaza mitungi, nimevaa hili lisuti linalonibana, ili wewe uone?"

"Ndiyo, Mwalimu. Samahani." Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. "Kesho twende mpaka mwisho wa kamba. Sasa naweza kwenda naye."

Nilitaka kuendelea kugomba, maana nilikuwa na haki. Lakini baba alikuwa anakuja na kikombe, nusu ya chai imeshamwagika njiani. Akampa mwanawe. Akasimama pembeni yake akiangalia maji, na hakumuuliza hata kama anataka sukari.