Mahindi ya Matanga

Mulei alizikwa wiki moja tu baada ya kupanda shamba la mahindi ya kuuzwa kama mbegu, na matanga yake yalijaa watu kana kwamba Matinyani nzima imehamia kwake. Wanawake walikaa nyuma ya jikoni wakichambua mahindi ya kupika, kila mmoja ameleta ya kwao. Waliapa kwamba hawatamwacha mjane wake, Kanyiva, peke yake. Wakala, wakashiba, wakamwacha.

Walichobakisha ni punje zilizowaponyoka. Mvua iliponyesha ziliota palepale walipokaa, na Kanyiva, aliyekosa wa kusalimiana naye, akaanza kuisalimia miche kwa majina ya wanawake waliokaa pale. Wa kando ya jiwe alikuwa Kathini. Ule mnene karibu na mlango alikuwa Nzisa, rafiki yake wa kanisani. Aliwamwagia maji ya vyombo, akawapa habari za mbuzi. Wakati mwingine alijicheka, na hakuna aliyecheka naye.

Munyao, mkaguzi wa mbegu wa serikali, alipokuja alilisifu shamba. Kisha akazunguka nyuma ya jikoni, akasimama.

"Mama, na hii mahindi ni ya nani?"

"Ya wageni."

"Hii ni mbegu ingine kabisa. Ikitoa maua, vumbi yake itaingia kwa ile ya shamba, na nitakataa shamba yote. Ng'oa sasa hivi nikiona."

"Na nikikata maua tu?"

"Sheria inasema ng'oa. Pole, mama."

Shamba lile ndilo lililokuwa kazi ya mwisho ya mikono ya Mulei. Kanyiva hangekubali likataliwe. Aling'oa mche mmoja mmoja huku akilia waziwazi, na Munyao akatazama pembeni. Alipomaliza, shamba likapitishwa.

Miche mingine aliwapa mbuzi. Wa Nzisa aliubeba hadi kwa Nzisa mwenyewe.

"Hii uliiacha kwangu siku ya matanga," alimwambia. "Ndiyo ilikuwa inakaa na mimi. Sasa serikali imekataa."

Nzisa aliona haya. "Woi, Kanyiva. Kesho nitakuja kukuona."

Kanyiva alishukuru. Maneno hayohayo Nzisa alimwambia siku ya mazishi.

Kesho yake Kanyiva alipika chai ya watu wawili. Jioni aliosha kikombe kimoja, akaenda nyuma ya jikoni, akayamwaga maji pale Nzisa alipokuwa ameota.