Msichana wa Mwisho Kwenye Daftari

Jumatano asubuhi Tulinagwe aliwatoa kuku watatu kwenye kiti cha pikipiki, akamtoa na wa nne aliyekuwa ameatamia ndani ya boksi la betri, akakwangua mavi kwa gunzi la mahindi, kisha akaipiga picha. Ilikuwa pikipiki ya mwaka themanini na nne, nyekundu pale ambapo kutu ilikuwa haijafika. Ilikuwa imesimama miaka saba ndani ya banda la mjomba wake Gwamaka, hapo Mkwajuni. Mjomba Gwamaka alikuwa mlinzi wa shule ya msingi, na siku alipostaafu shule ilimpa pikipiki hiyo pamoja na saa ya ukutani. Saa nayo ilikuwa haitembei.

"Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu kutoka Tunduma," mjomba alisema, akimpokea yule kuku aliyeatamia. "Anakuja na mzani wake. Akikuta imewaka na kutulia, mwanangu, ni yako. Akikuta haijawaka, inapimwa kilo."

Tulinagwe hakujibu, maana hakuwa mtu wa kujibu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, aliishia darasa la tano, na alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga kwenye kijiwe cha bodaboda, ambako wateja walionyesha vidole viwili au vitatu naye akawafungia. Wachimbaji wa dhahabu upande wa Galula walikuwa na njaa kuliko bodaboda, lakini ukienda kwa miguu mihogo ilifika imekakamaa kama kuni. Kwa pikipiki ingefika ya moto. Jambo hilo alilitaka kuliko lolote jingine, na hakuwa amemwambia mtu.

Mchana huo alijiunga na kundi la WhatsApp la wenye pikipiki za zamani, lililoitwa Chuma Hakizeeki. Lilikuwa na watu mia mbili na arobaini, wa Tunduma, Vwawa, Ileje, mpaka Nakonde ng'ambo ya mpaka. Jina aliloweka lilikuwa T., na picha yake ilikuwa tairi.

"Karibu kaka T.," aliandika Masudi, mkuu wa kundi, mwenye duka la vipuri Tunduma. "Hapa hatutazami picha. Chuma kinasikilizwa. Piga kiki, rekodi, tuma."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kundi. Sauti ya injini ilisikilizwa dakika moja nzima watu wote wakiwa kimya, na aliyetoa ushauri kabla ya dakika kwisha alitolewa kundini siku tatu.

Tulinagwe akapiga kiki. Ya tisa ikashika. Bomba likatoa wingu jeupe la vumbi la chaki, injini ikakohoa, ikaanza kuita majina.

"Abeli," ilisema kwa sauti nzito ya mwanamume. "Amoni. Anyosisye."

Iliita wavulana kwanza, kisha wasichana, na kila baada ya jina ilisubiri kidogo. Tumpale aliitika "Nipo!" kutoka barabarani akiwa amepakia abiria na gunia la mkaa. Ketrina aliitika ng'ambo ya ua bila kuinua uso kwenye beseni la nguo. Amoni aliitika kutoka upande wa Galula, kwa sauti ya mbali iliyokuja na mwangwi, kwa vile shimo lililomfukia lilikuwa refu. Namba thelathini na moja ilikuwa Tulinagwe. Injini ilisubiri, ikasubiri, ikazimika.

Akatuma. Kundi likakaa kimya dakika moja.

"Hiyo inamisi, moto unakatika," aliandika Anyitike, mkulima wa kahawa huko Ileje. "Ya kwangu ilikuwa inataja wakwe zangu kila nikipanda mlima. Nikabadilisha plagi, ikatulia."

"Plagi ikichoka haivuki wavulana, mzee wangu," alijibu Masudi. "Hii imefika mpaka wasichana. Hii ni kabureta."

"Mwashibukeni ba T.," aliandika Ba Chanda wa Nakonde, ambaye alisalimia salamu ya asubuhi saa zote. "Ikitoa chaki ujue ilikuwa ya shule. Fungua bomba, gonga taratibu."

Baadaye kidogo Masudi akarudi. "Halafu kaka T., namba ishirini na nane imeitikiwa hapa dukani kwangu. Kuna mteja anaitwa Jenista, amefuata waya wa klachi. Amesikia sauti kwenye simu, amesema nipo, ameendelea kuchagua waya. Kwa hiyo moto unafika vizuri. Ubovu uko kwa huyo wa mwisho."

Alhamisi vipuri kutoka duka la Masudi vilifika kwa basi, vimefungwa kwenye gazeti lililoandikwa KAKA T. MKWAJUNI. Kondakta aliuliza kaka T. ni nani, Tulinagwe akanyoosha mkono, akapewa. Alibadilisha plagi. Alisafisha kabureta kwa petroli na mswaki wa zamani. Alisugua platini, zile ncha za kukatia moto wa plagi, kwa msasa, akagonga bomba likamwaga chaki nusu debe, ambayo mjomba aliichanganya na maji akapaka banda. Injini ikawa nzuri zaidi. Sasa ilitaja mpaka majina ya ukoo. Ikifika thelathini na moja, ilizimika.

Sauti ile kila mtu Mkwajuni aliijua. Ilikuwa ya Mwalimu Jastin, ambaye pikipiki ilikuwa mikononi mwake miaka kumi na minane. Mwalimu Jastin aliita mahudhurio akiwa ameinamia daftari, na hakuwahi kuinua macho, kwa kuwa kuinua macho kulimpotezea mstari. Aliyeitika alikuwa yupo. Asiyeitika hayupo. Tulinagwe alikaa dawati la mbele kabisa, karibu kiasi cha kuona kucha za mwalimu, na aliitika kwa midomo tu.

"Mwalimu, huyu hapa," wenzake walisema.

"Sikuwauliza ninyi," alijibu Mwalimu Jastin, na akaandika hayupo.

Kila Ijumaa alipanda pikipiki kufuata watoro majumbani. Alimkuta Tulinagwe akifagia uwanja wa shule, akampigia honi apishe njia, akaenda kwao kumtafuta. Mama yake alisema mtoto yuko shule. Mwalimu aliandika: mzazi hatoi ushirikiano. Siku tisini zilipotimia, jina lilifutwa kwa utoro, na Tulinagwe, ambaye hakuwa amekosa hata siku moja, alikunja daftari lake akaenda nyumbani.

Amoni yeye alikuwa machimboni tangu Februari ya mwaka huo. Binamu yake, ambaye alikuwa na sauti nzuri ya kwaya, alimwitikia. Siku shimo lilipotitia, daftari lilionyesha kwamba Amoni alikuwa darasani akijifunza sehemu za desimali. Mwenye shimo aliliomba daftari hilo, akalipeleka kwa waliokuja kuuliza nani amefukiwa, wakalisoma, wakaondoka. Mwisho wa mwaka Amoni alipewa cheti cha mahudhurio bora. Mama yake alikitundika ukutani, mahali pa picha.

Ijumaa kundi lilikata shauri la kumsaidia kaka T. "Sisi wenyewe tuitikie," alisema Masudi. Wakapiga simu ya pamoja, wanaume kumi na mmoja, Tulinagwe akapiga kiki, na jina la mwisho lilipoitwa wote wakapaza sauti: "Nipo!"

Injini ikapiga mlio kama wa bunduki na bomba likarusha kipande cha chaki, kikapasua kona ya simu.

"Haidanganyiki hiyo," alisema Anyitike. "Inamtaka mwenyewe. Kaka T., huyo Tulinagwe unamfahamu?"

Tulinagwe akaandika: namfahamu.

"Anakaa mbali?"

Hapana.

"Sasa si umlete, kaka! Tatizo nini?"

Ana aibu.

"Mwambie asiogope kitu," aliandika Masudi. "Mwambie kuna watu mia mbili na arobaini wanamsubiri."

Hilo halikusaidia.

Jumamosi saa nne mtu wa vyuma chakavu alifika na mzani, akautundika kwenye boriti ya banda, akakaa kwenye debe akala muhogo wa Tulinagwe. Tulinagwe aliiweka simu juu ya tanki, akabonyeza kurekodi kama alivyozoea, akapiga kiki. Ikashika ya kwanza. Majina yakaitwa. Amoni akaitika, Tumpale akaitika, Ketrina akaitika. Likaja la mwisho.

"Nipo," Tulinagwe alisema kwa midomo.

Injini ilisubiri. Mtu wa vyuma chakavu akajifuta mikono, akapitisha ndoano ya mzani kwenye gurudumu la mbele.

"Nipo," alisema tena, na kuku mmoja akageuza shingo.

Injini ikaanza kukwamakwama. Ndoano ikavutwa, gurudumu likaacha ardhi. Tulinagwe akaitazama mihogo iliyobaki kwenye beseni, jinsi ilivyokuwa imepoa.

"NIPO!"

Mabati yalitetemeka. Mzani ulianguka. Ndani ya nyumba saa ya ukutani ilianza kutembea, na mjomba Gwamaka akaingia kuirekebisha ili isome saa nne na nusu. Moshi ukageuka wa buluu kama wa pikipiki yoyote, na injini ikanguruma sawasawa bila kutaja mtu.

Sauti ilikuwa imekwenda kundini. Watu walikaa kimya dakika moja, kama sheria ilivyotaka.

"Kumbe dada," aliandika Masudi.

"Dada, punguza mafuta kidogo," aliandika Anyitike. "Yanasikika yamezidi."

"Mwashibukeni bamayo," aliandika Ba Chanda, sasa akimsalimia kama mama.

Jumatatu Tulinagwe alipeleka mihogo Galula, ikafika ya moto. Wakati wa kurudi alipitia shuleni. Mwalimu Jastin alikuwa sasa mwalimu mkuu, na alikuwa ameinamia daftari.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuhusu jina langu. Ni Tulinagwe. Sikuwa mtoro."

Sauti yake ilikuwa bado ile ya Jumamosi, na vioo viwili vilidondoka dirishani. Mwalimu Jastin akafungua kabati, akatoa daftari la zamani, akapitisha kidole mpaka chini.

"Huyu hayupo," alisema.

"Ni mimi, mwalimu. Nimesimama hapa."

"Imeandikwa hayupo. Ili ifutwe, lazima mtoro mwenyewe afuatiliwe, akutwe nyumbani kwao, siku ya Ijumaa." Akaweka alama kwenye mstari. "Pikipiki ninayoisikia nje ni yako? Shule haina usafiri. Ijumaa utanipeleka."

Tulinagwe aliuliza na habari ya Amoni. Mwalimu akapandisha kidole mpaka mstari wa pili wa ukurasa uleule. Amoni alikuwepo siku zote.

Tangu hapo kila Ijumaa saa nane Tulinagwe humpakia Mwalimu Jastin. Kabla ya kuondoka pikipiki, ambayo siku nyingine haitaji mtu, huita majina thelathini na moja, naye huitika la mwisho, na njiwa wa shule huruka kutoka paa zima. Mwalimu, nyuma yake, huziba masikio na kusema, "Twende, dereva, tutamkosa." Pikipiki yenyewe ndiyo hukata kona ya kwao, njia inaijua.

Mama yake Tulinagwe hutoka na kitambaa cha kichwani mkononi.

"Tumemfuata Tulinagwe," husema mwalimu, akifungua daftari juu ya goti.

"Huyo hapo mbele yako, mwalimu. Umemshika kiuno."

Mwalimu Jastin huandika, akiwa ameinama: mzazi hatoi ushirikiano. Kisha hufunga daftari, huchukua muhogo mmoja kwenye beseni, na kumwambia dereva warudi wiki ijayo.