Bluu Iliyopoa

Mimi sipaki rangi chumba kabla sijamwuliza atakayelala humo. Mwenye nyumba hupita tu. Mwenye kitanda ndiye anayefumbua macho mbele ya ukuta ule kila asubuhi. Kanuni hiyo imenikosesha kazi nyingi, na siiachi.

Basi mke wa mwenye nyumba aliponiambia kuwa chumba kile ni cha mama mkwe wake, niliweka ndoo chini nikaenda kumwita mwenyewe. Mama alikuwa mshonaji kwa miaka arobaini. Miguu ilikuwa imemchoka, lakini jicho lake kwenye rangi lilikuwa kali kuliko langu. Nilimpakia mabaka matatu ya bluu nyuma ya mlango, tukayaacha yakauke mpaka kesho yake, maana rangi mbichi haiaminiki.

Baka la kwanza alilikataa, akasema linapiga kelele. La pili akasema ni la hospitali. La tatu alilipapasa kwa kiganja, akaniomba nitie nyeusi kidogo, tone tu. Nilitia. Ikatoka bluu iliyopoa, ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

"Hapo hapo," alisema. "Mwanangu kanikumbuka."

Mkamwana wake alikuwa mlangoni akitabasamu. Nami nikatabasamu, mjinga mimi.

Kitanda cha mama kilihamishiwa stoo ya uani, kati ya viti vibovu na matairi, kwa siku mbili tu, ili harufu ya rangi iishe kwanza. Siku ya pili nikiwa napiga mkono wa mwisho, akaingia bwana mmoja na futi, akaanza kupima mahali pa meza yake. Ndipo nikajua. Nilimgeukia mkamwana, naye hakuona haya. Alisema mpangaji huyo alitaka rangi ya kistaarabu na mama ndiye mwenye jicho, sasa kosa liko wapi? Mumewe, mtoto wa kuzaliwa na mama yule, alikuwa kando anasoma maandishi ya kwenye kopo la rangi kama mtu anayetafuta jina lake.

Sauti ikatoka stoo. "Fundi, harufu itaisha lini?"

Mkamwana akanitazama. Nilikuwa bado na vyumba viwili vya kupaka katika nyumba ile.

"Wiki mbili, mama," nilisema. Ilikuwa rangi ya maji. Jioni ile ile isingenuka. Ulimi hauna mfupa.

Miezi mitatu baadaye niliitwa tena, kitanda cha mpangaji kimekwangua ukuta. Nikapita uani. Mama alikuwa stoo na wageni wawili, wateja wake wa zamani, huku anashona kifungo cha shati. Lilikuwa shati la mpangaji. Wageni walikuwa wakimwuliza kwa nini analala na matairi wakati mwanawe ana nyumba nzima.

"Rangi," aliwajibu. Kisha akaniona. "Fundi mwenyewe huyu hapa. Waambie, baba. Si bado inanuka?"

Alinikazia macho yale yale yaliyojua tone moja la nyeusi.

"Bado, mama."

"Mnaona?" aliwaambia, akakata uzi kwa meno. "Mwanangu hataki niumwe kifua."