Dawa ya Ukuta Kwenye Chupa za Juisi

Mwaka ule wa tisini na sita, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamekwisha kujaa Mbinga, na kila mwenye shamba la mibuni alitaka nyumba ya tofali za kuchoma. Hafidha na kaka yake Abdulmalik walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi jirani na stendi. Wazazi wao walitoka Kilwa zamani, wakiuza chumvi na vitambaa, lakini wao wawili walizaliwa hukuhuku kwenye baridi, na Kimatengo cha sokoni walikijua.

Mvua za milimani hazina mchezo. Nyumba mpya ilikuwa haimalizi masika ya kwanza kabla kuta hazijaanza kutoa jasho. Ndipo Abdulmalik alipoleta kutoka Dar es Salaam ndoo kubwa za dawa ya ukuta: kitu cheupe, kizito kidogo, unakipaka kwa brashi, na kikishakauka maji hayapenyi. Hakikuwa na harufu kali kama rangi za mafuta, na brashi ilioshwa kwa maji matupu. "Hii ni ya maji," Hafidha aliwaambia wateja, na aliamini kwa moyo wote kwamba kitu kinachochanganywa na maji hakiwezi kumdhuru mtu.

Lakini mkulima mwenye ukuta mmoja unaovuja atafanya nini na ndoo ya lita ishirini? Hafidha akakusanya chupa za plastiki za juisi, akazisugua mpaka zikang'aa, akapimia dawa humo. Zilitoka chupa kumi na nne, na hazikukaa dukani hata wiki mbili. Karatasi iliyobandikwa kwenye ndoo ilikuwa ya Kiingereza, tena kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Yeye aliishia darasa la saba. Hakuihangaikia.

Jumatano moja asubuhi aliingia dukani Xaveri, mkulima wa Kitura aliyekuwa amenunua chupa moja. Miguu ilikuwa tope hadi magotini na pumzi zilikuwa hazimtoshi. Alieleza kwamba baba yake, mzee Ignatio, alirudi kutoka shambani na kiu. Mzee yule alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri. Akapapasa pembe ya jiko, mahali mkwewe Gertruda alipozoea kuweka togwa, akakuta chupa ya juisi yenye kitu cheupe kizito. Alimeza mafunda mawili kabla ulimi haujamwambia kwamba si togwa. Gertruda kwa hofu akamnywesha maji ya chumvi ili atapike. Akatapika kweli, lakini akapaliwa, na tangu hapo alikuwa akikohoa na kuhema kwa shida. Wamepata lori, wamemfikisha hospitali.

"Daktari anauliza ni dawa gani, mama," Xaveri alisema. "Nimemwambia ni ya ukuta. Anasema hiyo haitoshi."

Abdulmalik akamshika Hafidha mkono akampeleka nyuma, kwenye mifuko ya saruji, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mzee akifa duka litafungwa na wao wataswekwa ndani. Aseme tu kwamba Xaveri alikuja na chupa yake mwenyewe. Nani atabisha?

Abdulmalik hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuza shamba la marehemu mama yao ili duka lile lisimame, na sasa macho yake yalikuwa ya mtu anayeona paa likimwangukia. Hafidha aliyaona hayo, na yakamuuma.

"Aliyeijaza chupa ile ni mimi," akasema.

Akairudia ndoo, iliyokuwa imebaki robo, akaibana mfuniko, akajitwika kichwani akatoka. Xaveri akamfuata.

Hospitalini walimkuta tabibu mmoja wa makamo aitwaye Vitalis. Aliivuta ndoo karibu na dirisha, akavaa miwani, akasoma karatasi yote. Ndani, mzee Ignatio alikuwa amekalishwa kwa mito, kifua kikipiga kama mvukuto. Gertruda alisimama ukutani na kanga yake mdomoni.

Hatimaye Vitalis aliwaeleza. Alikuwa amehofia kwamba ni kitu chenye mafuta ya taa au sumu ya mashambani, sasa ameshajua aanzie wapi. Dawa kiasi kile tumboni ingemchoma koo na kumsumbua siku moja mbili, basi. Karatasi ilisema aliyeimeza asukutue mdomo na awahishwe hospitali, wala asitapishwe, kwa sababu ikirudi juu inaweza kuingia mapafuni. Na kwa mzee huyu ilikuwa imeshaingia.

Gertruda akateleza ukutani mpaka akakaa chini. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akitikisa kichwa tu, kama mtu anayekataa chakula.

Hafidha akakaa naye sakafuni palepale. Hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. "Usijitwishe hili, dada," akamwambia. "Wewe hukuambiwa. Karatasi ilikuwa kwangu, na sikuisoma."

Kisha akamwomba Vitalis amsomee yote yaliyobaki, polepole, kwa Kiswahili. Akasikia kwamba mpakaji avae glovu, kwani ngozi ya wengine huwasha na kupasuka. Ikiruka jichoni, lioshwe kwa maji safi robo saa nzima. Milango na madirisha yawe wazi wakati wa kupaka. Mabaki na maji ya kuoshea brashi yasimwagwe mtoni. Na isihamishwe kamwe kwenye chombo cha chakula au kinywaji.

"Umeuza ngapi namna hiyo?" Vitalis akauliza.

"Kumi na nne."

"Basi una kazi."

Mzee Ignatio alishikwa na kichomi, akachomwa sindano asubuhi na jioni. Siku hizo Hafidha alizunguka mji mzima akigonga milango ya wateja, akapata chupa nne. Abdulmalik hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu Hafidha alirudi dukani akamkuta kaka yake amekusanya makopo matupu ya rangi yenye mifuniko ya chuma, anaandika kwenye kila moja kwa rangi nyekundu: SI YA KUNYWA. Hafidha akachukua brashi ya pili akamsaidia.

Jumapili alikwenda Kitura. Katekista Raimundi alimruhusu aseme baada ya ibada, na Hafidha, akiwa na mtandio wake kichwani, akasimama kwenye ngazi za kanisa mbele ya watu wasiomjua. Alisema jina lake na la duka lake, akasema kosa alilolifanya, akaeleza chupa zile zinafananaje. Akaomba zirudishwe. Kisha mama mmoja akaondoka kimyakimya kwenda kwake, akafuata mwingine. Zilirudi sita. Mmoja alikuwa ameshamimina dawa, akasuuza chupa na kuihifadhia maji ya kunywa. Aliyamwaga mbele ya Hafidha.

Chupa mbili zilikuwa Lipingo, kijiji cha ziwani, kwa fundi Pankras. Hafidha akateremka ziwani juu ya mahindi ndani ya lori, kutwa nzima. Alimkuta Pankras chumbani, madirisha kayafunga kwa sababu ya vumbi, jiko la mkaa linawaka katikati ili ukuta ukauke upesi. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi na vidole vilikuwa vimechubuka, lakini yeye alidhani ni homa. Hafidha akalitoa jiko nje, akayafungua madirisha mwenyewe, akamtoa Pankras uani akanawishwe mikono kwa sabuni. Mkewe Vitalia alikuwa njiani na brashi kwenda kuziosha ufukweni wanakochota maji. Wakamwita arudi, wakazifuta kwa magunia makuukuu, wakazianika. Usiku ule walimpa Hafidha ugali na usipa, dagaa wa ziwa lile, na mkeka wa kulalia.

Hiyo ilifanya kumi na tatu pamoja na ya Xaveri. Ya kumi na nne ilinunuliwa na msafiri aliyesema anavuka ziwa kwenda upande wa Malawi. Hakuna aliyejua jina lake.

Alhamisi iliyofuata mzee Ignatio aliruhusiwa. Alikuwa amekonda, sauti imekwaruza, lakini alikuwa akitembea. Hafidha alimfuata kwenye benchi la nje.

"Shikamoo, baba. Ni mimi niliyeiuza ile dawa."

"Marahaba." Mzee aligeuza uso kuitafuta sauti. "Wameniambia ulisimama pale kanisani. Zimepatikana zote?"

"Bado moja."

"Unaitafuta?"

"Naitafuta, baba."

Mzee akanyoosha mkono hewani, na Hafidha akausogelea akaupokea. Xaveri na Gertruda walifika na baiskeli, wakamsaidia mzee kupanda nyuma, wakaondoka polepole kuelekea Kitura, Gertruda akimshika mgongo. Hafidha alivuka barabara kwenda stendi. Lori la ziwani lilikuwa linapakia, na alitaka kuzungumza na dereva kabla halijaondoka.