Dereva Haachi Gari

Mume wangu Dwight hakuvunjika mkono kwenye baiskeli, na hilo lilimuuma kuliko mfupa wenyewe. Aliteleza kwenye ngazi za kanisa, amebeba bakuli la viazi vya jibini nililopika kwa ajili ya mazishi ya jirani. Bakuli lilipona. Mkono wa kushoto ukafungwa plasta ngumu, na safari yetu ya Utah ilikuwa mlangoni.

Sisi ni watu wa Iowa. Kwetu kilima ni kitu unachokivuka bila kubadili gia. Ndiyo maana kila mwaka, mahindi yakishavunwa, Dwight na rafiki yake Merle hupakia baiskeli zao za milimani kwenye pikapu, tukavuka Nebraska yote na Colorado yote hadi Moab, kule Utah, ili wanaume wawili wenye mvi wakateremke majabali mekundu wakipiga mayowe. Merle ni fundi bomba, mjane, na mdomo wake haujawahi kupata likizo.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha. Njia wanayoipenda kuliko zote, Mteremko wa Coulter, huanzia juu kabisa mlimani na kuishia bondeni, mbali na pale ilipoanzia. Nawapandisha kwa gari, wanashusha baiskeli, kisha nageuza na kwenda kuwangoja chini. Na sheria ipo, wanaitamka kama amri ya kumi na moja: dereva haachi gari. Mtu anaweza kutoka kule ameteguka, au ameishiwa maji, au anavuja damu. Akute gari, na ndani yake akute mtu. Miaka kumi na mbili nimekaa kwenye pikapu ile, jua likiwaka, mvua ya mawe ikipiga bati, nikifuma soksi na kutazama pale njia inapotokea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeumia vya kutosha.

Miaka miwili iliyopita nilinunua baiskeli yangu. Kila Jumamosi naendesha na wanawake wenzangu kwenye vijia vya kule mtoni, na tunaanguka kwa zamu. Dwight alilijua hilo kama anavyojua kwamba naimba kwaya: jambo zuri, la karibu na nyumbani.

Basi jioni moja mezani nikamwambia, "Safari iko palepale. Wewe utaendesha, pikapu haina klachi. Mimi na Merle tutateremka."

"Mtateremka wapi?"

"Coulter."

Akaweka uma chini. "Rhonda, kule si mtoni."

"Najua. Nimekaa chini yake miaka yote hii."

"Una miaka hamsini na minane, mama."

"Na wewe una sitini na mkono mmoja."

Niseme wazi nilichokitaka. Nilitaka kuteremka njia ile mpaka mwisho, nitokeze bondeni, nimkute Dwight ameketi ndani ya gari ananingoja. Mara moja tu maishani, ningojwe mimi. Na mkono wake ukishapona, hawezi kunipisha tena, namjua.

Nebraska ni ndefu. Merle alijinyoosha kwenye kiti cha nyuma na mfuko wake wa nyama kavu.

"Shemeji, ukianguka naomba ile mashine yako ya kahawa."

"Nikianguka nakuangukia wewe, Merle."

"Aa, hapo sasa tutakuwa wagonjwa wawili na dereva mkono mmoja. Ni msiba huo!"

Dwight hakucheka. Kila tuliposimama kutia mafuta alizunguka nyuma, akaminya breki za baiskeli yangu kwa mkono wake mzima.

"Si umezikagua kule mjini Lincoln?" nikamuuliza tulipofika mji wa Ogallala.

"Breki hulegea njiani."

"Zinalegea kwa kubinywabinywa na wewe," Merle akasema dirishani.

Nilimpenda na nikatamani kumpiga kwa pampu, vyote kwa pamoja.

Asubuhi ya Coulter, kule juu, Dwight alinifunga kamba ya helmeti, akaifungua, akaifunga upya. "Karibu na mwisho njia inagawanyika," akasema. "Shika ya kulia. Ya kushoto ina vile vipandio vya mwamba, hata Merle huvishuka kwa miguu."

"Siri ya mwenzio hiyo, bwana," Merle akanung'unika.

"Kulia, Rhonda."

"Wewe ningoje tu," nikamwambia.

Sitawadanganya kwamba niliruka kama paa. Nilikamata breki mpaka vidole vikafa ganzi, na mara moja nilitumbukia kichakani nikachubuka kiwiko. Merle alicheka kwanza, kisha ndiyo akaninyanyua. Lakini baada ya hapo mwili ulikumbuka kazi yake, tairi zikauma mwamba vizuri, nikajikuta napiga mayowe yaleyale niliyokuwa nikiwachekea.

Tukafika njia panda. Kushoto, vipandio vitano vya mwamba mwekundu, kimoja chini ya kingine.

"Kulia, siyo?" Merle akauliza.

"Kweli wewe huvishuka kwa miguu?"

"Shemeji, mimi nina wateja. Mabomba ya watu hayajizibi yenyewe."

"Basi tangulia na miguu yako, usimame chini unitazame."

Akanitazama, akavua miwani, akaifuta, akashuka. Nikapeleka makalio nyuma, nikatazama mbele, nikaachia breki. Cha kwanza, cha pili, cha tatu nikataka mama yangu, cha nne, cha tano. Merle alikuwa akirukaruka chini kama mtoto. Nilikuwa nalia na kucheka, na wazo lilikuwa moja tu: Dwight yuko hapo chini.

Tukatokeza bondeni. Gari lilikuwepo. Mtu hakuwemo.

Nilichungulia hata uvunguni, sijui kwa nini. Mfuko wa dawa haukuwepo, wala chupa ya maji. Msichana aliyekuwa kwenye gari la jirani, naye akingoja watu wake, akashusha kioo.

"Mnamtafuta mzee mwenye plasta? Amepanda kwa miguu ile njia ya kulia, zamani sana. Nilimsihi akae, akasema mke wake yuko kule."

Merle alitaka kumfuata. Nikamkataza, tungetafutana mpaka Krismasi. Nikapanda kiti cha dereva, helmeti kichwani, nikakaa. Niliona uchungu mpaka machozi yakanitoka. Kitu kimoja nilimwomba mtu huyu, na sasa nilikuwa palepale pangu pa siku zote, nikiitazama njia ileile, nikimngoja yeye.

Alikuja akichechemea, uso mwekundu, sauti imekauka kwa kuniita. Aliponiona kwenye usukani akasimama.

"Umepitia wapi?"

"Kushoto."

"Kwa miguu?"

"Juu ya baiskeli," Merle akasema. "Vyote vitano. Aliyetembea ni mimi."

"Nilikwambia kulia, Rhonda."

"Nami nilikwambia ningoje. Miaka kumi na mbili sijawahi kuliacha gari hili, Dwight. Hata siku ile Merle alipotoka peke yake, hajui uliko. Wewe hata asubuhi moja imekushinda!"

Akaketi chini, kwenye vumbi. "Kila aliyetokea pale hakuwa wewe," akasema. "Kila mmoja. Nilidhani nitakufa. Wewe unawezaje?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitaka kumjibu hivyo, lakini soksi zake zilikuwa zimejaa miba, na ni vigumu kumkasirikia mtu mwenye soksi za namna hiyo. Nikashuka, nikaanza kuichomoa mmoja mmoja.

"Siwezi," nikamwambia. "Nakaa tu."

Kesho yake kiwiko kilivimba, tukapumzika. Keshokutwa yake Dwight alinipandisha tena. Alinifunga helmeti mara moja, na hakutaja kulia wala kushoto.

Safari hii nilitangulia, Merle akabaki nyuma akigombana na vipandio vyake. Nilipotokeza bondeni, pikapu ilikuwepo, na Dwight alikuwamo, katika jua lile, amejifunga mkanda wa kiti, mkono mzima na mkono wa plasta yote miwili imeshika usukani wa gari lililozimwa. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Yule msichana wa juzi alinipungia, akaniambia mzee hakuwa ameondoka hata kwenda haja.

Dwight aliniona. Mkanda hakuufungua.

"Naweza kutoka sasa?" akauliza.

Nilisimama na baiskeli yangu, nikamwacha anitazame. Sikuwa na haraka ya kumjibu.