Vidole Viwili vya Mzee Randa

Ijumaa asubuhi, msumeno wa umeme ulimkata Mzee Randa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikuwa seremala kwa miaka thelathini, mwenye karakana yake na mafundi tisa, na nusu ya milango ya mtaa ule ilikuwa kazi yake. Mafundi walimfunga kitambaa wakamkimbiza hospitali. Msimamizi wake, mtu mzima mwenye ndevu, alilia njia nzima.

"Msiwapigie nyumbani," Mzee Randa alisema. "Mtawatia presha bure. Nitawaambia mwenyewe."

Saa nane mchana aliingia kwake, bandeji hadi kwenye kifundo cha mkono. Mkewe alikuwa anazungumza kwenye simu. Aliiziba kidogo kwa kiganja.

"Afadhali umewahi. Bawaba ya kabati imelegea tena. Nyumba ya seremala, aibu tupu!"

Akarudi kwenye maongezi yake. Mzee Randa akaketi, akauweka mkono mezani, peupe kabisa, asiyeona na aone. Binti yake akaja, macho kwenye runinga.

"Baba, samahani, sogeza mkono kidogo. Umelalia rimoti."

Akausogeza. Binti akachukua rimoti, akaenda zake.

Kisha kijana wake wa chuo akatoka chumbani, ananukia marashi. "Baba, wenzangu wanakuja saa kumi. Tafadhali, usikae hapa na hizo nguo za kazi."

"Nimekatwa vidole," Mzee Randa alisema.

Mkewe akakata simu, akaja, akainama kuitazama bandeji.

"Yarabi! Mkono gani huu?"

"Wa kushoto."

Mwanamke akashusha pumzi ndefu. "Pole, baba watoto. Mungu mkubwa. Ungekuwa wa kulia, tungekula nini sisi?"

Hakusema kwa ubaya. Alishukuru kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililomchoma mumewe kuliko msumeno.

Aliingia chumbani abadilishe shati. Vifungo vikamshinda kwa mkono mmoja. Alimwita mkewe mara mbili. Runinga ilikuwa juu. Basi akajilaza na nguo zake, vumbi la mbao likimwagikia shuka.

Saa kumi wageni wakafika. Aliwasikia wakivuta viti alivyovitengeneza mwenyewe.

"Viti vikali hivi!" mmoja akasema. "Mmevitoa wapi?"

"Kuna fundi mmoja tu wa mtaani," kijana wake akajibu. "Mzee huwa anampa kazi."

Mzee Randa akageukia ukuta. Kidonda kilikuwa kinapwita, dawa za maumivu ziko kwenye koti, na koti liko sebuleni. Hakwenda kulichukua.

Jumatatu alikuwa karakana kabla ya mafundi wote. Msimamizi alimkuta anahangaika kufunga aproni mgongoni, akamfungia bila kuombwa.

"Nyumbani wamelipokeaje, mzee?"

"Wamelia sana," Mzee Randa alisema. "Mpaka nikaanza kuwabembeleza mimi."