Gauni la Miaka Minne

Binti yangu ana miaka saba, lakini nikiamua kumshonea minne, utaapa ni minne. Mimi ni fundi cherehani, najua umri wa mtu unakaa wapi kwenye nguo. Kola kubwa, mikono ya puto, kiuno kipandishwe karibu na kwapa, utepe mgongoni. Sindano, ndivyo tunavyomwita kwa wembamba wake, alijitazama kwenye kioo akanuna.

"Mama, hili la watoto."

"Ndiyo maana utaingia bure."

Bustani ndogo za wanyama karibu na mji wetu ni mbili, na nilizipigia simu wiki nzima mpaka wakaizoea sauti yangu. Ya kwanza ina twiga, lakini hawataki uingie na chakula chako. Ya pili haina twiga. Ina simba mmoja mzee, nyani, chatu na bwawa la mamba, na mtoto ambaye hajafika miaka mitano halipi. Jumanne wakubwa wanalipa nusu. Basi ikawa Jumanne, nikapika, nikajaza chupa za maji. Baba watoto, mchomea vyuma asiye na maneno mengi, alisema nimepanga vizuri. Mama mkwe ndiye aliyelitazama lile gauni akaguna.

"Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi."

"Mama, hii inaishia langoni tu. Tukishapita, basi."

Sindano nilimfundisha siku tatu. Una miaka mingapi? Minne. Unasoma? Bado. Na wakikuuliza mara kumi? Minne. "Ukisema saba," nikamkazia macho, "watatutoa wote nje, mpaka bibi yako, na simba humwoni." Aliitikia kwa kichwa, macho yamemtoka.

Langoni mkata tiketi aliuliza mara moja tu. Mtoto akajibu minne, huku ameziba kwa kiganja pengo la meno ya mbele. Hilo la kuziba sikumfundisha mimi. Tukapita, nami nikajiona mjanja kweli.

Tulimpoteza kwenye kibanda cha chatu. Ndani ni giza, unaingilia mlango huu unatokea ule. Mimi nilidhani ameshikwa na bibi yake, bibi alidhani yuko na baba yake, baba akadhani yuko nami. Tulipotokeza nje juani tukatazamana watu wazima watatu, na mikononi hatuna mtoto.

Niliita. Nyani ndio walioniitikia. Nikakimbia hadi kwa simba, nikarudi, nikakimbia hadi vyooni. Halafu nikauona uzio wa bwawa la mamba. Vyuma vyake vilikuwa vimeachana, na mwanangu angepita katikati bila hata kuinama. Kibao kilisema mamba ni watatu. Ukingoni walilala wawili. Niliogopa kuyatazama yale maji na niliogopa kuacha kuyatazama.

Mlinzi alikuja na simu ya upepo. "Mtoto gani, mama?"

"Wa kike. Mwembamba. Miaka saba. Gauni la..." Na hapo, mimi ninayekumbuka kila kitambaa nilichowahi kukata, rangi ikanitoka kichwani. "Miaka saba," nikarudia. "Yuko darasa la pili."

Akauliza kwenye ile simu. Sauti ikakoroma ikajibu, "Wa saba hatuna. Hapa langoni yupo mmoja tu wa minne, hajaanza shule. Tunamsubiri mama yake."

"Siye!" nilimfokea mlinzi, kwa mdomo wangu huu. "Nimekwambia saba! Umesimama nini? Tafuteni humu!"

Wakaja wenzake wawili na mti mrefu, wakaanza kupapasa majini. Baba watoto alivua viatu akaparamia uzio, wakamng'ang'ania shati. Kila mti ulipoinuka nilifumba macho. Nilimwambia Mungu achukue cherehani, achukue na mikono, aniachie mtoto. Sijawahi kuogopa hivyo na siombi tena.

Mama mkwe alinishika bega akanigeuza.

"Mwanangu, wewe ulimwambia ana miaka mingapi?"

Nilikimbia langoni.

Alikuwa ameketi kwenye stuli nyuma ya dirisha la tiketi, mgongo wima, kiganja mdomoni. Kola yote ilikuwa imelowa machozi. Mkata tiketi alikuwa amechoka.

"Huyu ni wako? Tulimwambia kuna mama analia kule bwawani, anamtafuta mtoto wa miaka saba, je, ni wewe? Akasema siye. Tumemwuliza tena na tena, anasema siye."

Nilipiga magoti nikamkumbatia mpaka utepe ukakatika. Nikaona yaishe pale pale, mbele ya mkata tiketi na kila aliyetaka kusikia.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

Alimtazama mkata tiketi. Akanitazama mimi. Kiganja hakukitoa mdomoni.

"Niseme ipi, mama?"